Faiba, ruta ya 4G au bando la simu: kasi inabanwa wapi? Ulinganisho kwa wakazi wa Mtwara na Lindi

Anayeingia katika duka la mtoa huduma wa intaneti mjini Mtwara kwa kawaida huulizwa swali moja, kwamba anataka Mbps ngapi (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi ya data), kisha huoneshwa vifurushi vilivyopangwa kuanzia kidogo hadi kikubwa kana kwamba ananunua mchele kwa kilo. Kilo tano za mchele ni kilo tano asubuhi na jioni, kiangazi na masika. Kasi ya intaneti haiko hivyo. Namba iliyoandikwa kwenye kifurushi ni dari, yaani kiwango ambacho mtoa huduma hatakuruhusu kukivuka, na ni mara chache sana namba hiyo huwa pia sakafu, yaani kiwango ambacho ameahidi kwamba hutashuka chini yake. Maisha yote ya mteja yanapita baina ya dari iliyoandikwa na sakafu isiyoandikwa, na ndiyo maana majirani wawili wa Chikongola, mmoja akiwa na Mbps 10 na mwenzake akiwa ameahidiwa "hadi Mbps 50", wanaweza kukutana asubuhi ikabainika kwamba yule wa kumi ndiye aliyetazama mpira jana usiku bila picha kuganda.

Kwa hiyo ulinganisho huu hauulizi njia ipi ina namba kubwa. Unauliza kasi inabanwa wapi, saa ngapi na kwa utaratibu upi, katika njia tatu ambazo mkazi wa mikoa hii miwili huchagua kati yake: faiba, yaani uzi wa kioo unaoletwa hadi nyumbani, ruta ya 4G yenye laini yake, na bando la simu linalogawiwa vifaa vingine. Satelaiti na waya wa shaba nitavigusa kwa ufupi. Bei sikuziweka, kwa kuwa vifurushi hubadilishwa mara kwa mara na bango la dukani litakueleza bei ya leo kuliko makala yoyote. Yale ambayo bango halisemi ndiyo yanayohitaji maelezo.

Namna kasi inavyobanwa

Dari ya kifurushi ndiyo ya kwanza. Unapojiunga, akaunti yako huwekewa kiwango katika mitambo ya mtoa huduma, na tangu hapo kila data inayoingia au kutoka kwako hupimwa. Mitambo inaweza kuzitupa pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zinazozidi kiwango, na hapo kompyuta iliyozituma hulazimika kuzituma upya na kupunguza mwendo, au inaweza kuzipanga foleni na kuziachia kidogo kidogo. Foleni huufanya upakuaji uende kwa utulivu, lakini huyatesa mazungumzo ya video, kwa kuwa sauti hufika ikiwa imechelewa. Utaratibu unaotumika sana unafanana na simtanki la nyumbani: maji yaliyojaa tankini hutoka kwa nguvu ukifungua bomba, na yakiisha unabaki na mwendo wa bomba dogo linalolijaza tanki. Akaunti iliyopangwa hivyo hukupa sekunde chache za mwendo mkubwa, kisha hutulia katika kiwango chako halisi. Ndiyo sababu kipimo cha kasi cha sekunde kumi huweza kukuonesha namba nzuri kuliko ile utakayoiona ukipakua faili kubwa kwa dakika ishirini.

Njia ya pili ni kugawana. Hakuna mtoa huduma anayejenga njia ya kuwatosha wateja wake wote kwa kasi kamili kwa sekunde moja, na jambo hilo peke yake si udanganyifu, kwa sababu wateja wote hawapakui kwa sekunde moja; angejenga hivyo, kifurushi cha nyumbani kingeuzwa kwa bei ya benki. Swali la haki ni uwiano: njia ya ukubwa huu imegawiwa watu wangapi, na ikijaa saa mbili usiku kila mmoja hubaki na nini. Nchini Uingereza, tangu Mei 2018, kanuni za matangazo zinamtaka mtoa huduma atangaze kasi ambayo angalau nusu ya wateja wake huipata katika saa za msongamano, yaani kati ya saa mbili na saa nne usiku, badala ya ile kasi ya "hadi" ambayo huenda mmoja kati ya kumi ndiye aliyekuwa akiiona. Mteja wa Mtwara anaweza kuuliza swali hilohilo kwa mdomo wake, hata kama bango halimjibu.

Ya tatu ni kikomo cha matumizi, ambacho huitwa kwa upole sera ya matumizi ya haki: ukishatumia GB kadhaa ndani ya mwezi au siku, kasi hushushwa hadi tarehe ya kujiunga upya. Ya nne ni kubagua aina ya matumizi, video zikapewa mwendo wake na kupakua faili kukapewa mwingine. Mfano uliovuma duniani ulikuwa wa Marekani, ambako mwaka 2007 iligundulika kwamba Comcast, mtoa huduma mkubwa wa intaneti wa huko, ilikuwa ikikatiza mawasiliano ya wateja waliotumia BitTorrent, njia ya watumiaji kupeana mafaili makubwa. Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya nchi hiyo iliiamuru iache mwaka 2008, na mwaka 2010 mahakama ikaitengua amri hiyo kwa hoja kwamba tume haikuwa na mamlaka ya kuitoa. Kwetu ubaguzi wa aina hii tunauona ukiwa umevaa nguo nzuri, kwa sababu kifurushi cha mitandao ya kijamii peke yake nacho ni mtambo unaochungulia data inakwenda wapi kabla ya kuamua itozwe vipi.

Faiba na ruta ya 4G zikiwekwa bega kwa bega

Faiba nyingi za majumbani hutumia mfumo ambao uzi mmoja wa kioo unatoka kwenye kituo cha mtoa huduma, unafika kwenye kisanduku cha mtaani na kugawanywa kwa wateja 32 au 64. Uzi huo hubeba takriban Gbps 2.5 (yaani Mbps 2,500) kwa kushusha data na takriban Gbps 1.25 kwa kupandisha. Tukichukua hali mbaya kabisa, yaani nyumba zote 64 zinashusha data kwa nguvu zao zote kwa wakati mmoja, kila nyumba hubaki na karibu Mbps 39. Hesabu hii ina maana kubwa kwa mnunuzi: kama kifurushi chako ni cha Mbps 10 au 20, uzi wa mtaani si mahali unapobanwa. Unabanwa na dari uliyoinunua, na kama kasi inashuka chini ya hapo, msongamano uko mbele zaidi, katika njia ambayo mtoa huduma ameinunua kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam au kutoka Dar es Salaam kwenda nje ya nchi.

Ruta ya 4G husimama mahali pengine kabisa. Mnara hugawanywa katika pande, mara nyingi tatu, na kila upande hutumia kipande cha masafa ya mawimbi ya redio. Kipande cha MHz 20 chenye antena mbili hufikia Mbps 150 katika mazingira bora, na kiwango hicho ndicho cha juu kabisa kwa ruta nyingi za kawaida zinazouzwa madukani. Mbps 150 hizo si zako. Ni za kila simu na kila ruta iliyo upande ule wa mnara, na katika mazingira ya kweli, penye kuta, miembe na umbali, hushuka chini ya nusu. Wakipakua watu 50 kwa pamoja, hata tukijidanganya kwamba mazingira ni bora, kila mmoja ana Mbps 3. Jambo ambalo wauzaji hawalielezi ni kwamba mnara hugawa muda wake wa kuhudumia kabla ya kugawa data, na mteja aliye mbali, ambaye mawimbi yanamfikia yakiwa dhaifu, hula muda mrefu zaidi wa mnara ili kupata MB ileile. Kwa hiyo ruta ya jirani yako iliyofichwa chumba cha nyuma chini ya mabati inakuumiza na wewe, ingawa yeye ndiye anayelalamika zaidi.

Hali hii huonekana waziwazi katika msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba, Tandahimba, Newala, Masasi na Nachingwea hupokea wanunuzi, madereva, makarani na wafanyabiashara wa kila aina, na minara iliyokuwa ikiwatosha wakazi wa kawaida hubebeshwa watu ambao haikuhesabiwa kwa ajili yao. Tangu msimu wa 2024/2025 mnada wenyewe unaendeshwa katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, kwa hiyo intaneti inayosuasua siku ya mnada si kero ya burudani tena. Aliye na faiba mjini hauhisi msimu huo katika uzi wa mtaani kwake, kwa kuwa hakuna mgeni anayeweza kufika na kuchomeka ruta katika kisanduku cha nguzoni. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ya njia hizi mbili, na kwangu ina uzito kuliko tofauti yoyote ya Mbps: kwenye faiba idadi ya unaogawana nao inajulikana na imefungwa, na kwenye mnara iko wazi kwa kila apitaye.

Haki ya 4G nayo isemwe. Faiba haiendi kila mahali, na katika vijiji vingi vya mikoa hii swali la kuchagua halipo kabisa. Ruta ya 4G huhama nawe ukihama nyumba, haingoji fundi, na ukiiweka dirishani upande unaotazama mnara, au ukaifungia antena ya nje juu ya paa, inaweza kubadilika kabisa kitabia. Nimeona ruta ileile, katika nyumba ileile ya Mikindani, ikitoka Mbps 4 hadi 17 kwa kuhamishwa kutoka kabatini sebuleni hadi kwenye dirisha la ghorofani. Huko ni kubanwa na ukuta, na mtoa huduma hahusiki.

Ziko siku ambazo ulinganisho wote huu hauna maana. Faiba na mnara wa 4G, baada ya kuachana mtaani, huelekea njia moja kwenda Dar es Salaam na kuingia katika nyaya za baharini, zikiwamo SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024, wiki moja tu baada ya Kimbunga Hidaya kupiga pwani yetu, nyaya hizo mbili zilipata hitilafu baharini na intaneti ikadorora nchi nzima. Aliyekuwa na Mbps 5 na aliyekuwa na Mbps 100 walikaa benchi moja.

Hesabu ya "bila kikomo"

Hapa ndipo nilipochomwa mwenyewe, na ndipo ninapomwomba msomaji asipite haraka. Niliwahi kununua kifurushi cha ruta ya 4G kilichoandikwa kwa herufi kubwa kwamba hakina kikomo, kwa kasi ya hadi Mbps 20. Siku nane za kwanza hakikuwa na kasoro. Siku ya tisa ukurasa wa kawaida ukaanza kufunguka kama unasukumwa kwa mikono, na dada aliyepokea simu ya huduma kwa wateja akanijibu kwa adabu, "Pole sana kaka, mtandao unasumbua kidogo, mafundi wanashughulikia." Mafundi walishughulikia hadi tarehe ya kujiunga upya, ambapo kasi ilirudi usiku wa manane, dakika ileile kifurushi kilipoanza mwezi mpya. Hitilafu haijui kalenda. Niliposoma masharti hadi mwisho, nikakuta sentensi moja inayosema kwamba baada ya kiasi fulani cha GB kasi "inaweza kurekebishwa". Kwa lugha ya masharti yale hawakusema uongo, kwa sababu data haikukatwa. Ilichukuliwa kasi tu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na kila mnunuzi aifanye kabla ya kulipa. Biti nane hufanya baiti moja, hivyo Mbps 20 ni sawa na MB 2.5 kwa sekunde. GB moja kwa mwendo huo huchukua dakika 6 na sekunde 40, na GB 100 huisha kwa saa 11 hivi za kupakua mfululizo. Sasa tazama upande wa pili wa kikomo. Ukishushwa hadi Mbps 1, GB moja inachukua saa 2 na dakika 13. Ukishushwa hadi kbps 512, yaani karibu nusu ya Mbps 1, inachukua zaidi ya saa 4. Na ukishushwa hadi kbps 128, inachukua zaidi ya saa 17. Kwa Mbps 1 unaweza kutuma barua pepe, kujaza fomu, kutumia WhatsApp na kuongea kwa sauti. Kwa kbps 128, kurasa nyingi za siku hizi hukata tamaa kabla hazijafunguka. Vifurushi viwili vinavyoitwa "bila kikomo" kwa jina moja vinatofautiana, basi, kwa mambo mawili: unashushwa baada ya GB ngapi, na unashushwa hadi wapi. Kati ya hayo mawili, la pili ndilo zito zaidi. Ningechagua bila kusita kifurushi kinachonishusha mapema hadi Mbps 2 kuliko kile kinachonishusha baadaye hadi kbps 128.

Ili ujue kama kikomo kitakugusa, angalia televisheni. Video ya ubora mzuri wa kawaida huhitaji takriban Mbps 5, yaani GB 2.25 kwa saa. Nyumba inayotazama saa tatu kila usiku hula karibu GB 200 kwa mwezi, na hapo hatujagusa simu za watoto wala masasisho ya kompyuta. Nyumba hiyo ikinunua kifurushi chenye kikomo cha GB 100, itaishi nusu ya kila mwezi katika kasi ya adhabu. Vifurushi vya faiba mara nyingi huwa na kikomo cha mbali zaidi au hukiacha kabisa, kwa sababu gharama ya kupitisha GB nyingine katika uzi wa kioo ni ndogo sana kuliko katika masafa ya mnara, hata hivyo swali liulizwe kwa kila kifurushi, kwa maneno haya: "Dada, ikifika GB ngapi inashuka, na inashuka hadi Mbps ngapi?" Muuzaji anayejibu swali hilo moja kwa moja ameshakuonesha jambo kuhusu kampuni yake. Anayesema "haishuki kabisa", mwombe akuoneshe palipoandikwa.

Kupandisha data, kuchelewa na umeme

Tangazo hutaja kasi ya kushusha tu. Mwenye steshenari anayetuma nyaraka zilizoskaniwa, mwalimu anayefundisha kwa video na mpiga picha wa harusi anayempelekea mteja picha 600 wanahitaji kasi ya kupandisha, na hapo njia hizi hutofautiana sana. Faiba inaweza kutoa kupandisha sawa na kushusha, au nusu yake, kwa kadiri mtoa huduma alivyoweka kifurushi. Katika 4G simu na ruta hurusha kwa nguvu ndogo kuliko mnara, kwa hiyo kupandisha ndiko hufa kwanza ukiwa mbali: unaweza kusoma vizuri kabisa lakini ukashindwa kutuma.

Kuchelewa ni jambo jingine tofauti na kasi, ingawa mtumiaji huviita vyote "mtandao mzito". Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na barabara ya Mtwara hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 560, kwa hiyo kwenda na kurudi kwa njia ya urefu huo ni chini ya sehemu sita za elfu za sekunde. Umbali wetu wa Kusini, ambao tumezoea kuulaumu kwa kila kitu, haustahili lawama hii. Kuchelewa kunakosikika katika maongezi hutokana na foleni, ama mnarani jioni, ama ndani ya ruta yako mtu mmoja anapopandisha video nzito na kuijaza njia yote.

Kuhusu umeme, faiba ina faida ambayo wengi hawaijui: kigawanyi cha nguzoni hakitumii umeme. Umeme ukikatika mtaani, kinachozimika ni kifaa cha ukutani na ruta yako, ambavyo vingi hutumia volti 12, na betri ndogo huviwasha kwa saa kadhaa. Mnara una betri na jenereta zake, lakini umeme ukikatika kwa muda mrefu watu wote waliokuwa kwenye waifai za nyumbani huhamia kwenye bando kwa pamoja, na mnara uliobaki hai hulemewa.

Bando la simu

Kwa mtu mmoja, bando haliko nyuma kama linavyodharauliwa. Mara nyingi halina dari ya kasi zaidi ya ile ya mnara wenyewe, hivyo saa kumi alfajiri simu ya kawaida inaweza kuishinda faiba ya Mbps 10. Linabanwa kwa kiasi na kwa muda wa kuisha, na pia kwa saa. Bando la usiku ni mfano mzuri wa usimamizi wa kasi unaofanywa kwa bei: mtoa huduma hahitaji kumshusha mtu mwendo saa mbili usiku ikiwa anaweza kumshawishi apakue saa nane usiku, mnara ukiwa mtupu. Anayejua kupanga upakuaji wake wa usiku hupata kilicho bora katika mnara kwa bei ya chini. Udhaifu wake huanza mtu anapoligawa kwa kompyuta, kwani kompyuta husasisha programu zake bila kuomba ruhusa, na GB tatu zikaondoka wakati wa kuandika barua ya kurasa mbili.

Satelaiti na waya wa shaba

Satelaiti ya zamani, iliyotulia kilomita 35,786 juu ya ikweta, ina kuchelewa kwa karibu nusu sekunde kwa sababu ya umbali peke yake, na hakuna kifurushi kinachoweza kuliondoa hilo. Ni ya kambi, visiwa na miradi iliyo mbali na minara. Waya wa shaba, kwa wachache waliobaki nao, hubanwa na urefu wake kutoka kituoni na kutu ya viungio katika hewa yetu ya chumvi. Katika baadhi ya mitandao mitambo hujishusha yenyewe ikiona laini inakatika mara kwa mara, hivyo kuizima na kuiwasha ruta kila inapokera huweza kuongeza tatizo.

Wiki moja ya kupima

Kabla ya kujifunga kwa mwaka, omba kulipa mwezi mmoja, au azima ruta ya jirani mwenye huduma hiyohiyo katika mtaa huohuo. Pima saa kumi na moja alfajiri, saa saba mchana na saa tatu usiku, kwa siku saba, ukitumia kebo badala ya waifai pale inapowezekana, na uandike namba zote kwenye daftari. Namba zikiwa zilezile saa zote na zikakaribia kifurushi, unabanwa na dari, na kununua kifurushi kikubwa kutasaidia. Zikiwa nzuri alfajiri na mbovu usiku, unabanwa na kugawana, na kifurushi kikubwa cha mtoa huduma huyohuyo ni fedha iliyotupwa, kwa kuwa umeinua dari katika nyumba ambayo sakafu ndiyo iliyobonyea. Zikianguka kuanzia tarehe fulani na kurudi siku ya kujiunga, ni kikomo. Kipimo kikiwa kizuri lakini video peke yake ikasota, huenda ni ubaguzi wa matumizi, au njia ya kufikia huduma hiyo imejaa. Linganisha kipimo cha Speedtest cha kampuni ya Ookla na kile cha Fast.com, ambacho hupima kupitia seva za Netflix, na tofauti kubwa kati ya hivyo viwili itakupa dalili.

Daftari hilo ndilo ushahidi wako pia. Malalamiko huanzia kwa mtoa huduma mwenyewe, nawe udai namba ya kumbukumbu. Yasipotatuliwa yanaweza kupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano ambalo kazi yake ni kusimamia maslahi ya mtumiaji. "Mtandao unasumbua" ni malalamiko dhaifu. "Mbps 18 alfajiri, Mbps 1.2 saa tatu usiku, siku saba mfululizo" ni jambo linalohitaji kujibiwa.

Nani achukue nini

Mwenye steshenari au ofisi ndogo Mtwara mjini au Lindi mjini, penye faiba, achukue faiba hata ya Mbps 10 badala ya ruta ya 4G yenye namba kubwa zaidi, kisha aweke bando dogo la mtandao mwingine kwenye simu kwa ajili ya siku uzi ukikatwa na wachimba mitaro. Mwanafunzi aliyepanga chumba, ambaye muhula ukiisha anarudi kwao Ruangwa, asijifunge na chochote kinachohitaji fundi; bando la usiku na nidhamu ya kupakua vinamtosha. Karani wa chama cha msingi Tandahimba hahitaji kasi kubwa hata kidogo, kwani fomu na takwimu zake ni nyepesi. Anahitaji laini mbili za mitandao tofauti na, ikiwezekana, antena ya nje, kwa sababu hasara yake hutokea pale mnara mmoja unapozidiwa asubuhi ya mnada. Familia yenye televisheni na watoto watatu iliyo nje ya eneo la faiba ichukue ruta ya 4G, ila ichague kwa kuangalia kasi ya baada ya kikomo.

Mwenye nyumba ya wageni Mikindani au Kilwa Masoko ana hali ya pekee, kwa kuwa akishanunua faiba ya Mbps 30 na kuigawa kwa vyumba kumi, yeye mwenyewe amekuwa mtoa huduma. Mgeni mmoja wa chumba namba nne akianza kupakua filamu, wengine tisa watakuja mapokezi kulalamika. Ruta nyingi za ofisi zina sehemu ya kumwekea kila kifaa dari yake, na dari ya Mbps 5 kwa mgeni inatosha kwa video nzuri bila kuwanyima wenzake, kwa sababu si wote kumi watakaotazama kwa pamoja. Ile karatasi yenye nywila inayobandikwa ukutani iandikwe Mbps 5 hizo, pamoja na saa ambazo huenda zikapungua.